Mdogo wangu alikamatwa amelala, mbona ameshtakiwa kwa kusafirisha bangi?

Shikamoo mama,

Mimi ni mama lishe, nauza chakula Mbagala Rangi Tatu. Baba alitangulia, tumebaki mama, mimi na mdogo wangu wa mwisho, ana miaka 24. Ni dereva bodaboda, amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Wiki tatu zilizopita, saa kumi alfajiri, askari waligonga mlango wake. Jirani akaja kuniamsha, nikakimbilia huko na khanga yangu tu. Nilipofika nilikuta begi la shangazi kaja limeshatolewa chumbani, liko uani chini ya taa, zipu imefunguliwa. Ndani mna vifurushi vimeviringishwa kwa magazeti na kubanwa na solatepu. Mjumbe wetu aliitwa baada ya hapo, akaja, akaonyeshwa, akasaini karatasi. Mdogo wangu naye alisaini. Sisi hatukubaki na karatasi yoyote.

Begi lile si lake. Lililetwa na kijana wanayefahamiana kijiweni, akasema ametoka nalo Morogoro, ni nguo na viatu vya mtumba, atalifuata kesho. Kesho ikawa siku sita. Sasa simu yake haipatikani. Sikufichi mama, mdogo wangu anavuta. Akishapaki pikipiki jioni anavuta msokoto wake, na chini ya godoro walikuta miwili.

Mahakamani akasomewa shtaka la kusafirisha dawa za kulevya aina ya bangi, kilo nne na gramu mia sita. Nikabaki nashangaa. Anasafirisha kwenda wapi? Alikamatwa amelala, pikipiki imefungwa mnyororo kwenye nondo za dirisha!

Yuko mahabusu Keko, kesi inatajwa tena Jumatatu ya wiki ijayo. Nje ya mahakama kuna mtu alinifuata, akasema anajuana na watu, tukimpa milioni mbili faili linageuzwa, linasomeka matumizi badala ya kusafirisha. Mama keshaanza kutafuta mteja wa kiwanja chetu cha Chanika. Mjomba naye anasema akiri tu, ni kosa la kwanza, atapigwa faini atoke. Mimi sijui nimsikilize nani.

Dada mtu, Mbagala

*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na umpe pole mama.

Nianze na kiwanja, maana hicho ndicho kinachoweza kupotea kabla hujamaliza kusoma hapa. Mwambie mama asiuze. Yule bwana wa nje ya mahakama hana uwezo wa kubadilisha shtaka. Hati ya mashtaka inatoka Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na ikibadilishwa inabadilishwa mbele ya hakimu, mshtakiwa anasomewa upya na kuulizwa upya. Mtu wa koridoni atachukua milioni mbili, na Jumatatu mtasikia shtaka lilelile. Hamtaweza kumdai, kwa sababu kumdai ni kusema mlitoa rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawa na mpokeaji. Akikufuata tena, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113. Nimeona familia zikiuza shamba, zikauza ng'ombe, na siku wakili alipohitajika kweli hakukuwa na hata nauli ya kumfikia. Kama kuna pesa ya kutoka kwenye familia hii, iende kwa wakili.

Sasa swali lako, na ni swali zuri kuliko unavyodhani.

Sheria inayomshtaki mdogo wako ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95, iliyotungwa mwaka 2015 na kufanyiwa marekebisho mazito mwaka 2017. Ndiyo iliyoifuta ile ya mwaka 1995. Mwanzoni kabisa mwa sheria hii kuna kifungu cha tafsiri, pale maneno yanapopewa maana yake, na neno tunaloliandika kwa Kiswahili "kusafirisha" limepewa maana pana kupita la mtaani. Ndani yake mna kuingiza nchini na kutoa nje, kununua, kuuza, kutoa, kugawa, kutengeneza, kubeba, kuhifadhi, na hata kuwa nayo tu. Kwa hiyo begi lililokaa kimya chini ya kitanda cha mtu aliyelala linaweza kuitwa kusafirisha. Pikipiki haihusiki, wala safari haihusiki. Najua inauma kusikia hivyo, lakini ukishalielewa hilo neno moja utaacha kupoteza nguvu kwenye hoja ya "hakusafiri popote". Hakimu ataisikia asubuhi na haitabadilisha kitu.

Hoja ipo mahali pengine, na nitafika huko. Kwanza uzito, kwa sababu kesi hizi zinakwenda kwa mizani.

Sheria inataja makosa ya aina mbalimbali. Lipo la kutumia, yaani kuvuta, kunusa, kujidunga. Lipo la kukutwa na kiasi kidogo kwa matumizi yako mwenyewe. Halafu lipo hili la kusafirisha, ambalo nalo limegawanywa kwa uzito. Kwa heroini na kokeini mstari umechorwa kwenye gramu 200: ukivuka hapo sheria inataja kifungo cha maisha, usipovuka inataja miaka 30. Bangi na mirungi vina mstari wake, unaohesabiwa kwa makumi ya kilo, na kilo nne na gramu mia sita ziko chini ya mstari huo kwa mbali. Lakini ona vizuri, mwanangu: chini ya mstari maana yake ni kosa linalotajiwa miaka 30. Mwambie mjomba kwamba ile faini anayoizungumzia haimo kwenye shtaka alilosomewa kijana.

Ndiyo maana ushauri wa kukiri unanitisha kuliko hata yule mtu wa milioni mbili. Mtu akijibu "ni kweli" mbele ya hakimu, mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa, mshtakiwa anaulizwa kama ni sahihi, na akikubali yote anatiwa hatiani palepale. Baada ya hapo mlango wa rufaa unakuwa mwembamba sana, kwa sababu aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe kwa kawaida anaruhusiwa kulalamikia adhabu tu, kwamba ni kubwa mno au si halali, na habari ya begi ni la nani inakuwa imeshafungwa. Asikiri kitu ambacho hakukifanya eti kwa sababu mtu alimwambia kitaisha haraka. Kama kuna kukiri kokote, kuwe baada ya kukaa na wakili na kujua ni shtaka lipi hasa analikiri.

Na asijaribu njia ya katikati, ya kusema zile kilo zote ni zake za kuvuta. Wengi wanadhani hiyo ni akili. Anayedai ni ya matumizi yake ndiye anayetakiwa kuionyesha mahakama hivyo, na hakuna hakimu atakayeamini kwamba dereva bodaboda ameweka akiba ya kilo nne na gramu mia sita kwa ajili ya msokoto wa jioni. Atakuwa amekubali kuwa begi ni lake na hajapata chochote badala yake.

Misokoto miwili ya chini ya godoro ni jambo lake lenyewe. Muulize wakili, akishaiona hati, kama imetajwa peke yake au imechanganywa kwenye uzito wa begi. Mchanganyiko huo ni muhimu, maana unamuunganisha kijana na kilichomo begini: "anavuta, kwa hiyo alijua."

Kujua. Hapo ndipo kesi ya mdogo wako ilipo. Kisheria mtu hawi "na" kitu kwa sababu tu kimekutwa chumbani kwake. Upande wa mashtaka unatakiwa kuonyesha kwamba kilikuwa mikononi mwake au chini ya uwezo wake, na kwamba alijua kipo na ni nini. Hata hivyo sheria ya dawa za kulevya ni kali kuliko nyingine: ikishathibitika kitu kilikuwa kwako, inaanza kukutaka wewe ujieleze. Kwa hiyo maelezo ya lile begi yasibaki simulizi ya dada. Yatafutiwe miguu ya kusimamia.

Leo usiku, ukishafunga jiko, chukua daftari uandike. Kijana aliyelileta anaitwa nani kijiweni, anakaa wapi, alifika siku gani, saa ngapi, nani alikuwa uani akamwona anashusha. Mpangaji wa chumba cha pili alimwona? Mama mwenye nyumba? Je, mdogo wako alimpigia simu au kumtumia ujumbe kumwambia "njoo uchukue mzigo wako"? Ujumbe wa namna hiyo, wenye tarehe ya kabla ya kukamatwa, una thamani kuliko machozi ya ukoo mzima. Simu yake kama ilichukuliwa na askari, wakili aombe kilichomo kihifadhiwe. Msimtafute yule kijana wenyewe kwa vitisho wala kwa ahadi. Jina na mahali anapopatikana vipelekwe kwa wapelelezi kwa maandishi, kupitia wakili.

Kisha kuna usiku wenyewe wa upekuzi, na hapa umeniandikia jambo ambalo sijui kama ulijua uzito wake. Umesema begi lilikuwa limeshatolewa na kufunguliwa, ndipo mjumbe akaja. Shahidi huru anaitwa ili aone kitu kikitoka mahali kilipokuwa, aweze kusema mahakamani "niliona kwa macho yangu likitolewa chini ya kitanda". Aliyefika baadaye ameona begi uani chini ya taa, basi. Hilo peke yake halimwachii mtu huru, nisikudanganye, lakini ni swali ambalo wakili hataacha kumuuliza mjumbe akiwa kizimbani. Usiende kumfundisha mjumbe la kusema. Akikumbuka mwenyewe alifika muda gani na alikuta nini, inatosha.

Karatasi aliyosaini ni hati ya ukamataji wa mali. Inatakiwa ionyeshe kilichochukuliwa, mahali, muda, na waliokuwepo, na aliyepekuliwa anastahili kupewa stakabadhi. Hamkupewa, andika na hilo.

Baada ya hapo begi linaanza safari yake, na safari hiyo ndiyo imeziangusha kesi nyingi za namna hii. Kutoka mkononi mwa askari aliyelikamata, kwenda kwa mtunza vielelezo kituoni, kufungwa lakiri na kuwekwa alama, kwenda maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa na kuthibitishwa kwamba ni bangi kweli, kurudi kituoni, hadi kufika mezani kwa hakimu. Kila linapobadilisha mkono iwepo karatasi inayosema nani kampa nani, lini. Mahakama ya Rufani iliweka msimamo huo mwaka 2009, na ingawa hukumu za baadaye zimelegeza kidogo kwa vitu visivyoweza kubadilishwa kirahisi, bangi iliyofungwa kwenye gazeti si kitu cha aina hiyo. Uzito uliopimwa kituoni ukitofautiana na wa maabara, lakiri ikionekana imefunguliwa, vifurushi vilivyoandikwa sita vikifika vitano, huo ni uzi wa kuvuta. Ulivihesabu usiku ule? Ukikumbuka idadi, iandike. Usipokumbuka, usibuni.

Kitu kingine cha kumuuliza mdogo wako siku ya kumtembelea: alichukuliwa maelezo saa ngapi, na nani alikuwepo? Kwa utaratibu wa kawaida wa jinai mahojiano yanatakiwa yafanyike ndani ya saa nne tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, ukiondoa muda kama ule wa kumsafirisha, na aambiwe haki yake ya kumwita ndugu au wakili. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya hapo wakili anaweza kuyapinga yasipokelewe. Muulize na kama aliyasoma kabla ya kusaini. Vijana wetu wanasaini kila kitu saa kumi na moja alfajiri, macho yamevimba, mtu anataka tu wamwache akae chini.

Dhamana. Sheria ya dawa za kulevya ina orodha ya makosa ambayo mahakama haitoi dhamana, na orodha hiyo nayo inakwenda kwa mizani: heroini, kokeini na nyingine za viwandani kuanzia gramu 20, bangi na mirungi kuanzia kilo 20. Mdogo wako ameshtakiwa kwa kilo nne na kidogo. Hiyo ndiyo hoja ya kwanza atakayoipeleka wakili wenu, na upande wa mashtaka unaweza kuipinga, kisha hakimu ataamua. Msisubiri uamuzi ndipo mkimbizane na wadhamini. Tafuteni watu wawili wenye kazi au biashara inayojulikana, wenye vitambulisho vya NIDA, wakachukue barua ya utambulisho serikali ya mtaa wanakoishi mapema. Kila siku watu wanapewa masharti ya dhamana asubuhi na bado wanarudishwa Keko jioni kwa sababu mdhamini alikuja mikono mitupu, au barua haina muhuri. Na hapa kile kiwanja cha Chanika kinaweza kuwa na kazi halali: masharti yakitaka mali isiyohamishika, hati au nyaraka za umiliki zinawekwa mahakamani kama dhamana, na kiwanja kinabaki chenu.

Wakili mtampata wapi na pesa hamna? Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kwa kesi ya jinai hakimu mwenyewe akiona mshtakiwa hana uwezo na haki inadai awe na wakili, anaweza kuelekeza apatiwe msaada. Mdogo wako aliombe hilo kwa mdomo wake siku ya Jumatatu, asione haya: "Mheshimiwa, naomba msaada wa kisheria, sina uwezo wa kuweka wakili." Wewe kabla ya siku hiyo nenda Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au Chama cha Mawakili Tanganyika, wote wapo Dar es Salaam. Beba namba ya kesi, jina la mahakama, na nakala ya hati ya mashtaka ukiipata kwa karani. Muulize karani pia kama shauri litasikilizwa hapohapo au linangoja kupelekwa mahakama ya juu. Kesi kubwa za dawa za kulevya huishia Mahakama Kuu, kwenye divisheni ya rushwa na uhujumu uchumi, na huku chini zinatajwa tu, ndiyo maana watu wanasikia "upelelezi haujakamilika" mara kumi wakadhani wamesahaulika.

Kama mnaamini kweli shtaka ni kubwa kuliko ushahidi, ile kazi aliyokuuzia mtu wa koridoni ina njia yake halali. Wakili anaandika barua kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, anaeleza ushahidi ulivyo, anaomba wapitie upya. Wana uwezo wa kubadilisha shtaka, wana uwezo hata wa kuliondoa. Barua hiyo inapokelewa bila milioni mbili.

Umeniambia ukweli kwamba anavuta, na nakushukuru, wengi huficha mpaka wakili anaumbuka mahakamani. Mwambie wakili vilevile. Na kama majirani watamwambia mama habari ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu hospitalini, asihangaike nayo. Ile inayotolewa Muhimbili tangu 2011, na baadaye Mwananyamala na Temeke, ni ya waraibu wa heroini, haihusu bangi.

Na ukishampata huru, Mungu akijalia, kaa naye mzungumze habari ya mizigo. Nawaambia na bodaboda wengine wanaosoma hapa. Kubeba ni mojawapo ya yale maneno ndani ya "kusafirisha". Abiria anayekupa kifurushi, anakulipa elfu ishirini kwa safari ya elfu tano na kusema utapokewa na mtu usiyemjua, amekuuzia nafasi yake kwenye hati ya mashtaka. Mirungi pia imo. Upande wa Kenya inalimwa na kuuzwa halali, ikishavuka kuja kwetu inahesabiwa dawa ya kulevya, na dereva hasikilizwi akisema kule alikopakia hakuna aliyemkamata. Hata vidonge vikali vya hospitali, vya maumivu makali au vya usingizi, kama unambebea mgonjwa wako, tembea na cheti cha daktari chenye jina lake.

Jumatatu fika mapema, saa mbili kasoro, na wadhamini wako wawili, barua zao zimegongwa muhuri, na lile daftari mkobani. Daftari limpe wakili tu. Mtu wa koridoni akikusogelea, mwambie familia imeshapata wakili, kisha ingia ndani ukae benchi la mbele, mdogo wako akipandishwa akuone.